Mtutu wa rivolva huchaguliwa kiunoni

Ndugu zangu mnaoanza mchezo wa shabaha ya kikauboi huku Marekani, swali lenu la kwanza huwa ni hili: ninunue mtutu wa inchi ngapi? Dukani mnajibiwa kwamba mtutu mrefu unalenga vizuri zaidi. Kwa mwindaji jibu hilo ni sawa kabisa. Kwa mchezo wetu linampotosha mgeni, tena linampotosha mara mbili, maana kanuni za SASS, chama kinachoongoza mchezo huu tangu 1987, zinamtaka kila mshiriki awe na rivolva mbili za mtindo wa kale, zile unazozikoki kwa kidole gumba kila risasi.

Tuiangalie shabaha yenyewe. Sahani za chuma za rivolva kwa kawaida husimamishwa yadi 7 hadi 10 kutoka kwa mpigaji, na nyingi zina upana wa kama inchi 16, yaani sentimita 40. Tuseme umekosea kupanga kilengeo cha mbele kwa nusu milimita. Kwenye mtutu wa inchi 4¾, wenye kama sentimita 15 kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele, kwa yadi 7 risasi itakwenda kando milimita 21 hivi. Kwenye mtutu wa inchi 7½ itakwenda kando milimita 15. Tofauti ni milimita 6 kwenye sahani ya sentimita 40! Anayekosa sahani hiyo amevuta triga kwa papara au ameitazama sahani akasahau kilengeo, na urefu wa mtutu hautamponya. Kila risasi iliyokosa huongeza sekunde 5 kwenye muda wako, kwa hiyo tiba inapaswa kuwekwa penye ugonjwa.

Na hoja ya kasi ya risasi? Mtutu mrefu huipa risasi msukumo zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kanuni zetu zinakataza risasi ya rivolva kuzidi futi 1,000 kwa sekunde, na wengi wetu tunapiga risasi laini zilizo chini sana ya hapo. Msukumo wa ziada hauna kazi hapa.

Kazi kubwa iko kiunoni. Saa ya kupimia muda ikilia, rivolva imo ndani ya ala, yaani mfuko wa ngozi ulio kwenye mkanda. Lazima mtutu wote utoke, uelekee mbele, upige risasi 5, kisha mara nyingi urudi ndani ya ala huku saa bado inakimbia, ndipo uchukue ya pili. Kila inchi ya mtutu unailipia unapochomoa, na unailipia tena unaporudisha. Kati ya inchi 4¾ na inchi 7½ kuna sentimita 7 za kuinua mkono. Mtu mrefu haoni shida. Mtu mfupi, na hasa mwanamke ambaye mkanda wake hukaa juu kiunoni, hulazimika kupandisha kiwiko hadi usawa wa bega kabla mdomo wa mtutu haujatoka kwenye ngozi. Mkono ukifika huko juu hauna nguvu wala utulivu, na mwenyewe huanza kuinama upande ili apate nafasi.

Simama mbele ya kioo na rivolva tupu, uliyoikagua matundu yote 6, vaa mkanda wako na uichomoe polepole. Simamisha mkono pale mdomo wa mtutu unapoachana na ala, kisha tazama kiwiko chako. Kikiwa kimepita kifua, mtutu huo ni mrefu kwako, hata kama jirani yako anashinda nao kila mwezi.

Ala ya kuvuta kwa mkono wa upande wa pili, ile inayolala mbele ya tumbo, inataka uangalifu zaidi. Kuna kanuni ya nyuzi 170: mdomo wa silaha usielekee kamwe pembeni kiasi cha kuwatishia walio kando au nyuma yako, na ukiuvuka mpaka huo unapoteza kituo kizima, yaani awamu nzima ya mashindano. Ndiyo maana wenye ala za aina hiyo hugeuza nyonga kwanza ili mtutu uelekee kwenye shabaha tangu unapoanza kutoka. Mtutu wa inchi 7½ hukaa ndani ya ala muda mrefu zaidi, hudai ugeuke zaidi, na ukiharakisha ni rahisi kuupitisha juu ya mkono wako mwenyewe. Hapo sina maelewano na mtu: kwa anayeanza, ala ya tumboni iwe na mtutu mfupi.

Haya si mambo mapya. Kampuni ya Colt ilipotoa rivolva yake ya 1873 kwa jeshi, wapanda farasi walipewa inchi 7½. Miaka ya 1890 nyingi za jeshi zilikatwa zikawa inchi 5½. Raia nao waliipenda ya inchi 4¾, ambayo mdomo wake unalingana na mwisho wa kijiti cha kusukumia maganda. Bat Masterson, aliyekuwa mlinzi wa sheria Dodge City, aliiandikia Colt mwaka 1885 akiagiza rivolva yenye mtutu wa urefu wa kijiti hicho, triga laini, na kilengeo cha mbele kirefu na kinene kuliko cha kawaida. Nauheshimu sana uamuzi ule. Alifupisha chuma, kisha akaboresha kile ambacho jicho linakitegemea.

Kwa hiyo kwa anayepiga kwa mikono miwili nasema inchi 4¾ (Ruger wanatengeneza 4⅝, ni yale yale), bila kusita. Usishuke chini ya hapo, kwa sababu kijiti nacho hufupishwa na maganda hayasukumwi hadi mwisho. Anayepiga kwa mkono mmoja, kwenye makundi kama Duelist, namshauri inchi 5½: uzito kidogo mbele hutuliza mtutu baada ya mlipuko, na kwa rivolva ya risasi nyembamba ya .357 uzito huo huongezeka, kwa kuwa tundu la mtutu ni jembamba na chuma kinachobaki ni kingi kuliko kwenye ya risasi nene ya .45. Wazee ambao macho yao hayaoni vizuri vitu vya karibu nao watakiona kilengeo vizuri zaidi kikisogea mbele kidogo.

Inchi 7½ nawaachia wapenzi wa baruti nyeusi, ambao moshi, mngurumo na historia ndivyo vilivyowaleta uwanjani. Wana haki yao, na ninafurahi kila wakipiga.

Ukishindwa kuamua kati ya mbili za kwanza, agiza ala za inchi 5½. Rivolva ya 4¾ itaingia humo bila tatizo. Ya 5½ ndani ya ala ya 4¾ hutokeza mdomo chini, ukigonga kila kiti utakachokalia.