Nimelipia pauni nilichokiona bure Matema

Naishi Stoke-on-Trent, Uingereza, mji uliojengwa kwa udongo. Wedgwood, mfinyanzi maarufu, alianza biashara yake Burslem, humuhumu mjini, mwaka 1759, na bado tanuri za zamani za matofali, zenye umbo la chupa, zimesimama katikati ya nyumba za watu, hazitoi moshi tena. Ungedhani hapa ndipo mtu angejifunzia kufinyanga kwa kupitia dirishani tu. Lakini madarasa ya karakana ni jioni, na jioni mimi naingia zamu ghalani. Kwa hiyo nimejifunzia jikoni, kwenye simu, kwa mwalimu aliyeko Marekani ambaye hajui kama nipo duniani. Pauni 45, video 22.

Sasa niwaambie kinachoniuma. Mimi ni mtoto wa Kyela, kusini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Nyasa. Jumamosi mama alikuwa akinichukua hadi Lyulilo, pale Matema, siku ya soko, mitumbwi ikiingia kutoka Ikombe imesheheni vyungu vya Wakisi, kabila la wafinyanzi wa pale ziwani. Shangazi yangu mmoja aliolewa hukohuko akaujua ufinyanzi. Likizo nilikuwa nakaa naye siku nzima, chungu kiko juu ya gae, analizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine unapandisha ukingo. Nikinyoosha mkono nafukuzwa: nenda kasome, utachafua sare. Nilisomeshwa nisije nikashika tope, na nikasoma hadi nikafika Uingereza, ambako tope linauzwa kwenye mfuko wa kilo 12.5, limechujwa, limeandikwa joto la kulichomea.

Hata hivyo sitaitukana kozi. Shangazi hakuwahi kuniambia kwa nini. Kwake mtoto anayeuliza "kwa nini" mara mbili ana mdomo. Mwalimu wa kwenye simu alinieleza kwamba chungu hupasuka motoni kwa sababu maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke yakakosa njia; kwamba udongo ukikauka na kuchomwa hupungua karibu sehemu moja ya kumi, ndiyo maana mkono wa kikombe ukiubandika ukiwa mbichi kuliko kikombe chenyewe, unang'oka. Akanionya nisifagie vumbi la udongo likiwa kavu, nifute kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi lile huua mapafu. Wafanyakazi wa viwanda vya mji huu waliugua sana kwa ajili yake. Shangazi anafanyia kazi nje, upepo wa ziwa unamsaidia bila yeye kujua.

Ila video haina mkono. Bakuli zangu nne za kwanza zilipata ufa palepale chini. Nilirudia somo mara sita, nikapunguza kasi, wapi. Mwishowe nikampigia shangazi kwa video.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu sogeza. Bonyeza hapo kwa kidole." Nikabonyeza. "Hujaukandamiza chini. Unahangaika na mdomo wa chungu, na kitako umekiacha kinalala. Kipige."

Nikakipiga. Ufa haukurudi.

Kwenye moto ndipo hadithi ya "jifunze ukiwa nyumbani" inapokwama, na watangazaji wa kozi hawalisemi hilo kwa sauti. Nyumbani kwangu sina tanuri. Upo udongo unaojikausha wenyewe bila moto, lakini usitie chai humo. Kwa hiyo napanda basi na vyombo vibichi mapajani, kama nimebeba mayai, hadi karakana inayochoma kwa malipo ya kila kipande. Mara ya kwanza kama nyuzi 1,000, kisha ile rangi inayoyeyuka kuwa kioo, kisha tena juu ya 1,200. Wiki mbili nasubiri. Shangazi anapanga vyungu uwanjani, kuni na majani juu, jioni anavitoa kwa mti mrefu. Moto wake haufiki huko juu, na chungu chake kinavuja jasho. Kozi inaliita hilo kasoro. Aliyekunywa maji ya mtungini mwezi wa kumi na moja Kyela hawezi kuliita hivyo.

Bei ndiyo inayonikera. Mwenzangu ghalani aliniomba bakuli langu lililopinda kwa pauni 15. Cha shangazi, kikubwa na cha duara kamili, kinatoka kwa shilingi 3,000, na mnunuzi analalamika kwamba sufuria haivunjiki. Tuache kudanganyana kwamba tatizo la kwetu ni utaalamu. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, alikuja Uingereza kusoma sanaa, na kujenga chungu kwa mkono akaenda kujifunza Nigeria, Abuja ya zamani ambayo sasa inaitwa Suleja, kwa akina mama wafinyanzi kama Ladi Kwali. Leo kazi zake ziko British Museum.

Binamu yangu anataka kumrekodi shangazi, naye auze masomo. Jaribio la kwanza lilikuwa upepo mtupu na moshi. Nikamweleza shangazi mpango mzima. Akanyamaza, kisha akauliza, "Hao watu wanalipa kabla ya kuona, au baada?"

Kabla, nikamwambia.

"Basi aje Jumanne, nachoma. Na aje na kuni."