Hifadhidata ya Kwako Iwe Ileile ya Seva

Karibu kila mradi wa upande wa seva huanza na kishawishi kilekile: kwenye kompyuta yako tumia hifadhidata ndogo ya SQLite, ile ya PostgreSQL utakutana nayo huko mbele, kwenye seva. Hakuna cha kusakinisha, data yote iko kwenye faili moja, na baada ya dakika chache programu inaitika kwenye localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe. Nimefanya hivyo miaka mingi. Sasa kila ninayefanya naye kazi namsihi aache.

SQLite si mbovu. Ni kazi safi kabisa, na kama seva yako halisi nayo inaitumia, endelea. Ninachopinga ni kuandika msimbo mbele ya hifadhidata moja halafu kuukabidhi kwa nyingine.

Niliwahi kutengeneza kisanduku cha kutafuta wateja kwa LIKE, neno la SQL (lugha ya hifadhidata) la kutafuta maandishi yanayofanana. Kwangu, nikiandika "juma" nampata Juma na JUMA pia. Majaribio yote yakapita. Tukapandisha kwenye seva, simu zikaanza kuingia: wateja wamepotea! Hawakupotea. LIKE ya SQLite haibagui "J" na "j"; ya PostgreSQL inabagua, na asiyetaka ibague huandika ILIKE. Herufi moja tu, lakini ilinila mchana mzima, maana kwenye kompyuta yangu kosa lenyewe halikuwepo. Ningelitafuta wapi?

Na hilo ni dogo. Tangaza safu ya namba kamili, kisha ingiza neno "kumi": kwa kawaida SQLite italipokea kimya kimya. Tangaza VARCHAR(20), mimina herufi 200, zote zitaingia. Hata ule ufunguo unaofunga oda na mteja wake hausimamiwi mpaka uwashe PRAGMA foreign_keys kwa kila muunganisho. Zipo fremuweki zinazokuwashia, lakini usipokuwa na hakika, unaweza kumfuta mteja na oda zake zikabaki yatima, nawe hujui. PostgreSQL ingekukatalia palepale, na kukataliwa mapema ndiko ninakokutaka.

Kwa hiyo endesha PostgreSQL kwenye kompyuta yako pia, kwa Docker, zana inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani kisanduku kilichojitenga. Wengi hunijibu kwamba Docker ni nzito. Basi usiweke kila kitu humo. Mimi huweka hifadhidata peke yake kwenye kontena, naifungulia porti 5432, na msimbo wangu unaendeshwa moja kwa moja kwenye mashine. Hivyo unakwepa pia ule mtego unaowatesa wageni: ndani ya kontena, localhost ni kontena lenyewe, si kompyuta yako.

Taja na toleo. Seva ikiwa na PostgreSQL 16, kwenye kontena andika postgres:16, usiandike latest, yaani toleo la karibuni kabisa. Siku latest itakaposogea toleo kubwa, PostgreSQL mpya itakataa kusoma folda ya data iliyoachwa na ya zamani, na utalikuta hilo asubuhi ambayo ulikuwa na kazi nyingine kabisa.