Istanbul tunaijua, Mtoni je?

Juzi usiku nimemkuta bibi yangu analia, nikadhani pana msiba. Kumbe Mustafa kanyongwa kwenye tamthilia ya Kituruki! Mustafa mwana wa Sultan Suleiman wa Uturuki, aliyeuliwa kwa amri ya babake mwaka 1553, ndiye anayemfanya bibi yangu wa Kikwajuni ajifute machozi kwa ncha ya kanga mpaka urojo umepoa bakulini. "Mama wa kambo huyo, mjukuu wangu, nilijua tu." Shikamoo yangu hata hakuiitikia.

Basi msinambie watu wanapenda filamu za wafalme kwa ajili ya mataji. Bibi taji halimhusu. Anachokitazama ni nyumba: wake wenza, watoto wa baba mmoja mama mbalimbali, urithi unaopigiwa hesabu mzee hajafumba macho. Mambo yetu ya mtaani hayo, yamevishwa hariri tu.

Kinachonichoma ni hiki. Mdogo wangu anawataja watoto wa Suleiman mmoja mmoja. Nikamuuliza, Mtoni unaijua? "Si kule kwenye matangi ya mafuta?" Ndiko, mama! Kwenye magofu yale ya kasri alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultan wa Zanzibar, mwaka 1844. Mtoto wa kike hakufunzwa kuandika. Akajifunza kwa siri, ananakili aya za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kaka yake Barghash akataka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultan, na mkono ule ule ndio ulioandika barua za njama, Salme ana miaka 15. Nyumba ikazingirwa. Barghash akatolewa kavishwa nguo za kike, kajifunika gubigubi, kapita na dada zake mbele ya askari. Hebu niambieni, mtunzi gani wa tamthilia angethubutu kubuni hilo? Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, akarudi, na mwaka 1870 akawa Sultan. Dada yake, aliyetoroka 1866 akaolewa na Mjerumani, alipokuja 1885 na manowari za Kijerumani, kaka hakumpokea.

Haya, nakubali: utajiri ule ulitoka kwenye karafuu na jasho la watumwa, na Salme mwenyewe kitabuni mwake anautetea utumwa. Filamu ya kisa hiki itakayoficha hilo ni udi juu ya uvundo. Wapo pia ambao neno "Sultan" linawapandisha presha kwa sababu ya Mapinduzi ya 1964. Na wao waingie kwenye filamu, wagombane humo humo.

Wapemba msinitukane, Mkama Ndume, mtawala wenu wa kale, sijamsahau. Wanasema kisima chake cha Pujini alikigawa kwa ukuta ili wake zake wasikutane. Wake wenza tena!

Umeme ulipokatika nilimsimulia bibi kisa cha Barghash. Akanyamaza, kisha akauliza, "Huyo Salme, mamake alikuwa hai?"

Nikamwambia kafa kwa kipindupindu mwaka ule ule.

"Ndo maana," akasema. "Hakuwa na wa kumkataza."