Namba Moja Ilikuwa Supu

Mimi si mtu wa makuu. Katika Krismasi nzima ya mwaka jana, nikiwa mwenye nyumba, mlipaji wa gharama na mtu pekee katika ukoo aliyenunua daftari kwa ajili ya kazi hiyo, niliomba kitu kimoja tu, nacho ni supu ya kichwa cha mbuzi, asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuingia. Niliiandika kwa mkono wangu kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, nikaiwekea namba moja na kuipigia mstari chini. Nasisitiza habari ya namba moja kwa sababu baadaye ilikuja kukanushwa.

Anayeishi Mbeya anajua kwamba Desemba si mwezi wa kumweleza mtu habari za karamu. Mvua imeshika, makaa yamelowa, mahindi shambani yanadai mbolea ya kukuzia, na Januari iko mlangoni na ada zake mkononi. Hata hivyo, mke wangu aliniambia kwa ule upole wake ambao hunitisha kuliko ukali, "Baba Atu, mwaka huu tule chakula cha asili. Ndugu wote waje." Nikaona ni wazo la busara, kwa kuwa kwa hesabu zangu chakula cha asili ni kile kinachotoka shambani, na kinachotoka shambani hakinunuliwi. Kosa langu ni kwamba sikuuliza asili ya nani. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mke wangu ni Mhehe wa Kilolo, dada yangu mdogo ameolewa Dar es Salaam na mtu wa Tanga, na watoto wangu, waliozaliwa hapahapa Mbeya, wana asili yao wenyewe ambayo hawakuifundishwa na mtu yeyote.

Kikao cha kwanza tulikifanya jioni, umeme ukiwa umekatika, mimi nikiandika na Atu akinimulikia kwa simu. Nilitangaza kwamba baada ya supu, chakula kikuu kitakuwa mbalaga, yaani zile ndizi zetu za Rungwe zilizopikwa pamoja na nyama. Mke wangu akauliza nani atazimenya. Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, maana ndizi mbichi za kuwatosha watu thelathini na wanne si za kumenya kwa dakika tano, na utomvu wake hung'ang'ania vidoleni kiasi kwamba mmenyaji asipojipaka mafuta kabla ya kuanza, atakwenda ibadani na mikono ya fundi wa magari. Nilijibu kwamba akina mama watasaidiana. Mke wangu akanitazama kwa muda, kisha akasema kwamba kwao Kilolo asili ni ugali, na ugali haumenywi. Ugali ukaandikwa. Mtoto wa pili, aliye darasa la tano, akatamka kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa mirathi kwamba Krismasi bila pilau si Krismasi, na wadogo zake wakamuunga mkono kwa machozi.

Naomba niseme neno kuhusu pilau. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na katika yote niliyosimuliwa tangu utoto kuhusu milima waliyoipanda, magonjwa waliyougua na makanisa waliyoyajenga, sijasikia hata siku moja kwamba walishuka na sufuria ya pilau. Karafuu haioti Uyole. Pilau ilitoka pwani, ikapanda gari kama abiria mwingine yeyote, ikashuka stendi, na leo imekalia kiti cha mwenye nyumba na kudai kwamba imezaliwa hapa. Nilieleza hayo yote kwa utulivu na kwa kirefu. Mtoto wa darasa la tano akaniuliza kama mchele nao hautoki Kyela, na kama Kyela si kwetu. Nikaandika pilau. Mke wangu aliponakili orodha upya kwa mwandiko mzuri, supu yangu ilikuwa namba saba, na mbele yake kulikuwa na alama ya kuuliza.

Nilitumwa Mwanjelwa kununua mchele. Wiki ya Krismasi, katika soko lile, kila gunia linatoka Kyela. Mbarali nako hulimwa mpunga mwingi na mzuri, lakini sikukutana na muuzaji hata mmoja aliyekiri kuuza mchele wa Mbarali, na kama yote yaliyosemwa siku ile yalikuwa kweli, basi watu wa Kyela wanalala ndani ya majaruba kwa kukosa mahali pa kujenga. Nilichota mchele kiganjani, nikaupulizia, nikaunusa, nikatafuna punje tatu kwa uso wa mtaalamu, kisha nikanunua kilo nane za ule niliotajiwa bei kubwa zaidi, kwa kuwa bei ndiyo dalili pekee niliyoweza kuisoma.

Ndizi alitakiwa kuzitoa baba yangu aliye kijijini. Mke wangu alimpigia simu kwa adabu zote. Hapa lazima nieleze kwamba kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake, na akimwona anakuja njiani aliiacha njia na kujificha. Desturi hiyo tumeshaizika, na mzee wangu amekula mezani kwa mke wangu kwa miaka kumi na miwili, tena akisifia mchuzi. Lakini siku aliposikia neno "mikungu", alikata simu, akanipigia mimi, akanieleza kwa uchungu mkubwa kwamba si heshima mkwe kuzungumza naye moja kwa moja, na kwamba tunaipoteza mila. Nilipolichukua ombi mwenyewe ili kuiokoa mila, alisema migomba imeangushwa na upepo. Mwishowe alifika na mkungu mmoja, pamoja na watu sita ambao hawakuwemo katika daftari.

Suala la nyama lilikwisha haraka kuliko nilivyotarajia, ingawa halikwisha kwa faida yangu. Mbuzi alinunuliwa kwa fedha ya mbolea ya kukuzia, jambo ambalo mahindi yangu hayajanisamehe. Aliyemchinja ni jirani yetu Mwislamu, mzee tunayepakana naye ukuta, kama ilivyo kawaida ya mtaa, ili kila mgeni ale bila kuuliza maswali. Kwa sababu hiyohiyo nilimweleza kaka yangu wa Iyunga kwamba kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, haitaingia katika sufuria zetu. Alikubali kwa moyo mweupe, akaja na jiko lake, kikaango chake na nyama yake, akajitenga nyuma ya banda la kuku, na kufikia saa nane mchana alikuwa na wageni wengi kuliko mimi. Jirani alipomaliza kazi yake aliniuliza kichwa akiweke wapi. Nilikipokea mwenyewe kwa mikono miwili, nikakiweka kwenye ndoo, nikakifunika.

Mama mkwe aliwasili tarehe 23 kwa basi la kutoka Iringa. Nilikwenda kumpokea stendi, nikamwamkia "Kamwene", naye akanijibu vizuri sana, kisha akanionyesha dumu la lita ishirini na kunitaka nilibebe kama mtoto mchanga. Lilikuwa na ulanzi. Asiyeujua ulanzi aelewe kwamba hugemwa kwenye machipukizi ya mianzi msimu wa mvua, na ukiwa wa siku ileile huitwa mtogwa, nao ni mtamu na mpole, lakini hauna subira, kwani unaendelea kuchacha popote ulipo, shambani, ndani ya basi au chini ya meza ya jikoni. Katika orodha tulikuwa tumeuandika chini ya vinywaji baridi, kwa ajili ya wazee wa kanisa. Nilipoliweka dumu sakafuni niliona kwamba mbavu zake zimetuna. Nikaona kifuniko nacho hakikukazwa vizuri, na kwa kuwa napenda vitu viwe nadhifu, nikakikaza.

Usiku wa tarehe 24, kiasi cha saa saba, kulisikika mshindo ulioamsha mbwa wa mitaa mitatu. Nilitoka na panga. Kifuniko kilikuwa kimepiga dari na kurudi ndani ya beseni la vitunguu, ulanzi ulikuwa unatoka kwa povu jeupe ukitambaa kuelekea kwenye mfuko wa unga wa ugali, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani, akiniuliza bila hasira yoyote ni nani aliyekikaza kifuniko. Nilisema tutachunguza. Unga haukupona, na kwa njia hiyo asili ya Kilolo ikaondoka katika orodha pasipo kikao. Nusu ya ulanzi ilibaki, lakini haikuwa tena mtogwa, na sitasema ni mzee gani wa kanisa aliyeomba kuongezewa mara tatu huku akisifu matunda ya nyanda za juu.

Asubuhi ya sikukuu majiko yote matatu yalitekwa na wifi wa mke wangu, yaani dada yangu wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi ameolewa na mtu wa Tanga na kwa hiyo hujiona amezaliwa ndani ya mdalasini. Niliuliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi ya sufuria ndogo ya supu. Hakuna aliyenisikia. Makaa yalikuwa yamelowa kiasi kwamba yalitoa moshi na mlio kama paka aliyekanyagwa, lakini moto ulikuwa haushiki, na nilipokuwa uani nikihangaika kuomba makaa makavu kwa jirani, nilisikia kelele za furaha kwamba moto umewaka. Sikujiuliza umewashwa kwa nini.

Dada alipima maji kama anavyopima kwake, akakataa katakata kuongeza. Mke wangu alimwambia, kwa upole uleule wa mwanzo, "Wifi, huku ongeza maji kidogo na uvumilie." Hakutaka ushauri. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam, kwa hiyo yanatokota kwa fujo zilezile lakini joto lake ni pungufu, na chakula kinataka muda zaidi. Mtu wa pwani akiyaona yanaruka ndani ya sufuria hudhani kazi imekwisha. Pilau ilipofunuliwa ilinukia mpaka barabarani, ikawa na rangi nzuri ya kahawia, na kila punje ikawa na kiini kigumu kama changarawe. Ikarudishiwa maji, ikapaliwa makaa juu ya mfuniko, ikakaa. Ilipofunuliwa mara ya pili ilikuwa bokoboko. Dada alisema mchele si wa Kyela. Wote wakanigeukia mimi.

Nikaomba daftari ili tuone sasa tunapakua nini na kwa utaratibu gani, maana mbalaga ya mkungu mmoja ilikuwa ya kuonja tu na ugali haukuwepo. Nililetewa jalada na kurasa safi. Ukurasa wa orodha, ule wa mwandiko mzuri, pamoja na ule wangu wa kwanza wenye namba moja na mstari chini, zilikuwa zimetumika kuwashia makaa.

Tukala. Hilo sina la kulalamikia, isipokuwa habari ya vyombo. Zamani mgeni aliyetaka kubeba chakula alifungiwa kidogo katika mfuko wa plastiki, na udogo wa mfuko ulimpa aibu ya kutosha. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mgeni huja na hotipoti yake kutoka nyumbani, yenye mfuniko wa kukaza na tumbo la kupokea kilo mbili, na akishaiweka mezani mbele yako huwezi kumpakulia kijiko kimoja, kwa sababu kitalia ndani kama shilingi katika debe. Nilihesabu hotipoti tisa. Moja ilikuwa ya baba yangu, aliyeikabidhi kwa mke wangu mkono kwa mkono, bila kujificha na bila kukumbuka mila.

Tarehe 26 niliamka alfajiri kwa harufu ya manyoya yanayoungua. Nilipotoka nilimkuta mama mkwe amechuchumaa uani chini ya bati, mvua ikinyesha pembeni yake, akikibabua kile kichwa juu ya moto, akikikwangua kwa kisu, akikigeuza taratibu kama mtu anayenyoa mtoto. Alikuwa amekiokota kwenye ndoo yangu, akaona kitaharibika. Nilikaa kwenye kigoda, nikasubiri karibu saa tatu nzima, kwa sababu ya zile nyuzi 94, na sikusema neno. Ilipoiva, baba yangu akawa wa kwanza kutokea, akapewa bakuli lenye ulimi. Akafuata kaka wa Iyunga, kisha dada, kisha wale watu sita. Mama mkwe akakung'uta sufuria, akanipa kikombe kimoja kilichojaa nusu, akaniambia kwa huruma, "Pokea hiki, mkwe wangu, ingawa chumvi imepungua. Usinilaumu kwa uchache wake, maana supu haikuwemo kabisa kwenye orodha yenu."

Nikasema asante mama, nikanywa.