Nyumba ya Mawe Haihitaji Spika za Urefu wa Mtu

Mtu wa Nairobi akipata pesa za kununua spika za maana, macho yake huenda moja kwa moja kwenye zile ndefu zinazosimama sakafuni. Namwelewa. Amekulia kwenye matatu zenye besi ya kutikisa kifua, na wufa ya sebuleni ilikuwa fahari ya nyumba yao tangu utotoni. Lakini tukifika kwenye spika za laki tano, za milioni moja na kuendelea, nasema bila kusita: kwa fleti nyingi za jiji hili, kuanzia South B hadi Kileleshwa, hizo ndefu si chaguo zuri, hata ziwe zimeundwa na wahandisi hodari namna gani. Spika ndogo iliyotengenezwa kwa akili itakupa muziki zaidi.

Sababu iko ukutani. Sisi hujenga kwa mawe na zege, tukaweka vigae sakafuni na vioo vipana upande wa roshani. Marekani, zinakotoka tathmini nyingi tunazosoma na kutazama, nyumba nyingi zina kuta za fremu za mbao zilizofunikwa kwa jibsamu. Besi ikigonga ukuta kama huo, ukuta hunesa kidogo, na sehemu ya nguvu yake hupotelea humo au hutoka nje. Jiwe halinesi. Besi hurudi chumbani karibu yote, ikakutana na ile inayotoka kwenye spika, na katika masafa fulani ya mitetemo hujumlishana hadi noti moja ikafunika wenzake.

Hili unaweza kulipigia hesabu kabla hujatoa hata shilingi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Chukua kasi hiyo, igawanye kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili, na utapata mlio wa chini ambao chumba chenyewe kitaukuza. Ukuta kwa ukuta mita 4, jibu ni karibu hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Mita 3, ni hezi 57. Sasa linganisha na gitaa la besi: uzi wake mzito kabisa hulia kwa hezi 41, na unaofuata kwa hezi 55. Vipimo vya kawaida vya sebule zetu vimeangukia papo hapo zinapolia nyuzi hizo mbili. Na katika benga, besi haikai nyuma kushikilia mdundo tu. Inajibizana na gitaa la solo, inaruka, inakatiza, inarudi. Chumba kikianza kuvimbisha noti mbili tatu, mazungumzo yale yanakufa, ukabaki na ngurumo.

Ndiyo maana nikiulizwa nitaje spika iliyobuniwa kwa ajili ya chumba kama chetu, jibu langu huanza na LS3/5A. Wahandisi wa BBC waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo fundi hukaa karibu na spika na hana nafasi ya kunyoosha mikono. Ni kisanduku cha sentimita 30 kwenda juu, kimefungwa kote, hakina tundu la kupumulia. Besi yake huanza kupungua mapema, lakini hupungua taratibu, na chumba cha mawe hujaza sehemu ya pengo hilo bila kuombwa. Sauti ya binadamu ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba inakula umeme: kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake, hutoa sauti yenye ukubwa wa takriban desibeli 82 au 83 tu, kwa hiyo amplifaya dhaifu haitaiamsha.

Vitengo vyake vya sauti (koni ya sauti nene na tweta ya sauti nyembamba) vilitoka KEF, kampuni ya Kent iliyoanzishwa mwaka 1961, na ni KEF hao hao walioleta spika ya LS50 mwaka 2012 wakiwa na LS3/5A akilini. Hapo tweta imewekwa katikati kabisa ya koni, mpango walioutumia tangu 1988. Faida yake sebuleni ni kubwa. Sauti nyembamba na nene zinatoka mahali pamoja, hivyo mama aliyekaa pembeni ya kochi na mtoto aliyelala kwenye zulia wanasikia karibu kitu kile kile. LS50 ina tundu nyuma, basi usiibane ukutani.

Spika ya Klipschorn naipenda kwa dhati, na bado sikushauri uinunue. Paul Klipsch aliibuni miaka ya 1940, na inatumia kona ya chumba kama mwendelezo wa pembe lake la besi, yaani mfereji unaopanuka ili kukuza sauti. Inatoa takriban desibeli 105 kwa wati moja. Inahitaji kona mbili safi kwenye ukuta mmoja. Katika fleti zetu kona moja ina mlango na nyingine ni ya roshani. Nayo 801 ya Bowers & Wilkins, iliyoanza mwaka 1979 na kuingia studio za Abbey Road, ni spika ya kuheshimiwa. Zile za sasa zina uzito wa karibu kilo 100 kila moja. Mwenye jumba mtaa wa Karen lenye sebule ya mita 9 na dari ya juu, anunue kwa amani.

Kuhusu kulinganisha dukani, sikilizeni jamani. Ile inayopigwa kwa sauti ya juu kidogo huonekana bora, hata tofauti ikiwa desibeli moja, na sikio halitakwambia kwamba ni ukubwa wa sauti tu. Programu ya kupima sauti kwenye simu ni ya bure. Zisawazishe spika zote kwanza. Macho nayo hudanganya. Floyd Toole, mtafiti wa sauti wa Kanada, alitumia miaka mingi kuwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia, na mwaka 1994 yeye na mtafiti mwenzake Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walewale hubadilisha alama wakishaziona. Mwombe rafiki akubadilishie waya huku umefumba macho.

Kisha dai kuzijaribu kwako, kwa wikendi moja, ukiacha amana. Muuzaji wa spika za milioni moja anayekataa hilo, muage. Zikifika, zisogeze mbali na kona, weka zulia nene kati yako nazo, teremsha mapazia kwenye vile vioo. Anza na taarifa ya habari kabla ya muziki: mtangazaji wa kiume akisikika kama anaongea ndani ya pipa, besi imezidi, na hakuna waya wa bei ghali utakaoiponya. Baada ya hapo weka rumba yenye magitaa matatu na usikilize lile la katikati, si solo wala ridhimu. Ukiweza kulifuata kuanzia mwanzo wa sebene hadi mwisho bila kulitafuta, lipa.