Ustaa wa bure ofisini

Ukiajiriwa siku hizi benki, kampuni ya simu, bima au hata hospitali binafsi hapa Dar es Salaam, jua umepata kazi mbili. Ya kwanza imo kwenye mkataba. Ya pili inakuja kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, mara nyingi ukiwa bado umebanana ndani ya mwendokasi: "Habari za asubuhi wapendwa. Tangazo jipya limeshatoka. Kila mmoja aweke status, alaiki, akomenti na kushea. Mwisho saa nne. Mtume skrinshoti hapa." Zinaanza kumiminika "sawa bosi" na vile viganja viwili vya kuomba. Ikifika saa tano, mtu wa masoko anarusha orodha ya ambao hawajatuma, majina yao yakiwa na alama nyekundu.

Nimelalamika kuhusu jambo hili hadi wenzangu wananikwepa kwa mama ntilie. Ila malalamiko ya kwenye benchi la wali maharage huwa hayampi bosi nafasi ya kujitetea, na bosi ana hoja zake, tena nyingine nzito.

Tuanze nazo. Tangazo la barabarani ni ghali, la televisheni ni ghali zaidi, na msanii mkubwa akipewa ubalozi wa bidhaa anakula fungu la maana la bajeti ya mwaka. Sasa kampuni ina wafanyakazi, kila mmoja ana simu, na kila simu imejaa namba za watu wanaomjua mwenye simu kwa sura. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kupita chini ya bango la staa kila siku asilione, lakini akiona kijana anayempokelea fedha zake kila jioni ameweka status ya mkopo mpya, atauliza riba ni asilimia ngapi. Afisa mikopo mjanja hangoji kuamrishwa, wateja wake wengi anawapata humo humo. Wakala wa bima anayekula kwa kamisheni ndiyo kabisa. Na mshahara wetu sote, hata wangu mimi ninayenuna, unatoka mfukoni mwa mteja aliyevutwa na mtu fulani.

Hoja ya pili ndiyo inayouma, kwa sababu ni ya kweli. Bosi anasema: nyinyi hao hao mnashinda Instagram mkifuatilia mastaa. Zari alipotangaza kwa posti yenye picha ya ua jeusi, Siku ya Wapendanao ya mwaka 2018, kwamba ameachana na Diamond Platnumz, kuna ofisi za mji huu zilizolijadili lile ua jeusi kuliko mafaili. Watu wazima wenye shahada zao wanajiita timu fulani, wanatukaniana mama kwa ajili ya msanii asiyejua hata kama wapo duniani. Kama una muda na bando la kukomenti kwenye ugomvi usiokuhusu, unashindwaje kukomenti mara moja kwenye tangazo la anayekulipa? Nimewahi kuulizwa hivyo kikaoni, na ukumbi mzima ukacheka kicheko cha kujijua.

Jibu nimelipata kwa mastaa wenyewe. Wanaokumbuka miaka ya 2000 wanakumbuka magazeti ya udaku, Ijumaa, Risasi, Kiu, yakining'inia kwenye kamba za wauza magazeti na vichwa vya habari vyekundu. Ofisini yalisomwa yakiwa yamefichwa ndani ya gazeti "la maana". Wakati ule staa alikuwa windo. Alipigwa picha akitoka gesti, akaamka akajikuta ukurasa wa mbele, na pesa ikaenda kwa mwenye gazeti. Instagram ikageuza mambo. Staa akawa mhariri wa udaku wake mwenyewe: anaachia kidogo, anaficha kingi, anatengeneza kiki wiki mbili kabla ya wimbo kutoka. Harusi ina mdhamini. Arobaini ya mtoto ina mdhamini. Nyuma ya ile picha ya "nimeamka hivi" kuna meneja, kuna mwanasheria, na kuna mkataba unaosema posti ngapi, kwa muda gani, bidhaa zipi za mpinzani asionekane nazo, na malipo yanaingia lini.

Unaweza kuudharau ustaa wa namna hiyo (mimi huwa naudharau, hasa jioni nikiwa nimechoka, kisha natazama tena), lakini huwezi kusema si kazi. Kuuza sura yako, sebule yako na watu wanaokuamini kuna bei yake sokoni. Ofisi zetu zinaijua bei hiyo na zinawalipa mastaa, halafu zinamgeukia keshia na kumwambia yeye afanye kwa mapenzi.

Na keshia anatoa vitu halisi. Simu ni yake. Bando ni lake. Namba zilizomo hakuzipatia kazini: kuna shangazi, mwenye nyumba, mwalimu wa watoto, watu wa kwaya, kamati ya harusi ya binamu. Hao wote sasa wanaona tangazo la kampuni, na kwao wewe ndiye kampuni. Nilikuwa msibani Tandika, tumekaa chini ya turubai tukisubiri mwili utoke Muhimbili, mzee mmoja akasogeza kiti, akaniuliza. Mimi si ndiye wa ile benki? Mbona wamemkata shilingi 2,300 na yeye hajatoa hela popote? Hakuna wa kumlaumu yule mzee. Ameona status zangu mwezi mzima, alikuwa na haki ya kuuliza. Staa akiulizwa swali kama hilo anajibu wasiliana na kampuni. Mimi niliandika jina lake na tawi lake nyuma ya bahasha ya rambirambi.

Kuna na Wiki ya Huduma kwa Wateja, ile ya Oktoba. Mwaka jana tawi letu lilipambwa maputo, tukavaa fulana, keki ikakatwa na mteja aliyeokotwa kwenye foleni. Ijumaa saa tano asubuhi makeshia karibu wote wakaitwa nje kurekodi chalenji ya TikTok. Spika ikafunguliwa. Ndani watu wameshika vikaratasi vya namba, dirisha la tatu lina kibao cha kufungwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anawatazama kupitia mlango wa kioo wanaotakiwa kumhudumia, wakirudia hatua zile zile kwa sababu meneja anakosea mguu. Video ilipendeza. Ilipata laiki kuliko tangazo lolote tulilotoa mwaka ule. Maneno yaliyoandikwa chini yake, mengi yalihusu umbo la dada mmoja wa mstari wa mbele, na hakuna aliyeyafuta hadi mwenyewe alipokwenda kuomba Jumatatu.

Hapo ndipo ustaa unapoingia ofisini na viatu vyake. Wanaoitwa kwenye video ni wale wale: vijana, warembo, wachangamfu. Mzee wa masjala, ambaye ni yeye peke yake anayejua faili la mkopo wa 2009 liko kabati gani, hajawahi kuonekana hata kwa bahati mbaya nyuma ya picha. Ukifika wakati wa kutaja mfanyakazi bora, watu wanazikumbuka sura walizoziona. Sidai kuna mtu aliyepanga iwe hivyo, lakini matokeo yake ni kwamba siku hizi kuna watu wanaoanza kupanga kazi zao kwa kuangalia kamera iko wapi.

Ila yule dada wa mstari wa mbele ana maoni tofauti na yangu, na sina haki ya kumsemea. Kwake zile video ndizo CV. Anasema mkuu wa kitengo kule makao makuu hakuwa anajua hata jina lake hadi alipomwona akicheza, na sasa kuna kampuni nyingine zinamtafuta pembeni. Wapo waliopita mlango huo wakafika mbali. Millard Ayo alikuwa bado mtangazaji wa kipindi cha Amplifaya pale redio Clouds FM huku akijenga tovuti iliyobeba jina lake mwenyewe, na leo jina hilo linasimama bila kuegemea redio ya mtu. Kwenye redio za Dar mtangazaji maarufu akihama anahama na wasikilizaji wake, na waajiri wanalijua hilo wanapokaa naye kuzungumza mshahara. Tatizo ninaloliona ni kwamba wafuasi wa Millard walikuwa wake. Video za dada yetu ziko kwenye ukurasa wa benki. Mwenzetu mmoja aliyepunguzwa kazi mwezi Machi bado anacheza kwenye ukurasa huo, akiwakaribisha wateja kwenye tawi ambalo yeye akifika sasa anajiandikisha getini kama mgeni.

Sheria zinasema kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena yapatikane mapumziko ya saa 12 mfululizo. Ujumbe wa grupu wa saa nne usiku unaingia wapi hapo? Wengi watasema kubonyeza simu sekunde kumi si kazi. Sawa, lakini skrinshoti unayodaiwa na orodha unayotundikwa vinafanana sana na kazi. Upande wa picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 2023, na kwa sheria kama hiyo jirani zetu wameshaonyesha meno: Septemba 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ridhaa ya mwajiriwa ni mtihani mwingine. Bosi akikuuliza kama una tatizo na kurekodiwa, na tathmini yako ya mwaka iko mezani kwake, utajibu nini?

Wapo wanaotaka tufuate njia ya Ufaransa, ambako tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima simu za kazi baada ya saa za kazi. Kenya nako Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka muswada wa aina hiyo, na waajiri wakaupinga. Mimi sina hamu nao sana. Biashara ya Dar inaishi jioni, na wateja wangu wananipigia saa mbili usiku kuuliza kama fedha zimeingia. Sitaki sheria inikataze kupokea. Tena kuzuia saa hakugusi kero yangu, maana status ya saa tatu asubuhi inawatumia shangazi zangu sawasawa na ile ya usiku.

Ninachokitaka kinaenea kwenye nusu ukurasa wa mkataba. Ambaye kazi yake ni kuuza atangaze, apewe laini na bando la ofisi, na awekewe malengo yanayolipwa. Ambaye si wa kuuza aombwe, na akikataa jina lake lisionekane kwenye orodha yoyote. Anayerekodiwa asaini kwa kila video, ajue itakaa hadi lini, na akiondoka ishushwe. Foleni ikiwa ndani, spika isifunguliwe nje. Watu wa masoko wataniambia hayo yanapandisha gharama. Ndiyo, yanapandisha. Wayapeleke kwenye bajeti, kwenye fungu lile lile la balozi, tuone kama zile status za asubuhi zina thamani waliyokuwa wakituhubiria vikaoni.