Waliohudhuria semina walipiga kura zaidi: je, ni semina iliyowapeleka?

Baada ya uchaguzi, ripoti za elimu ya uraia hapa Bukavu hazikosi sentensi hii: waliohudhuria mafunzo walijitokeza zaidi kupiga kura kuliko wasiohudhuria, kwa hiyo mafunzo yamezaa matunda. Nusu ya kwanza mara nyingi ni kweli. Nusu ya pili haitokani na ya kwanza, na ndiyo inayotumika kuombea fedha za awamu inayofuata.

Tupige hesabu ya mfano. Watu 200 wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, wamehudhuria, 150 wakapiga kura. Wengine 200 hawakuhudhuria, 110 wakapiga kura. Asilimia 75 kwa 55. Sasa wagawe kwa swali moja tu: uchaguzi uliopita ulipiga kura? Kati ya waliohudhuria, 160 walipiga, na safari hii wamerudi 136; 40 hawakupiga, wamejitokeza 14. Kati ya wasiohudhuria, 80 walipiga, wamerudi 68. 120 hawakupiga, wamejitokeza 42. Tafuta asilimia upya: 85 kwa 85 kwa waliopiga uchaguzi uliopita, 35 kwa 35 kwa ambao hawakupiga. Ile tofauti ya pointi 20 imekwisha yote. Semina haikumpeleka mtu kituoni, ilikusanya watu ambao tayari wana desturi ya kwenda. Wala si ajabu, kwa sababu mialiko hupitia kwa chifu wa kata, parokiani na kwenye vyama vya akina mama, na huko huitwa wale wale wanaojulikana.

Wengine husema dawa ni kuongeza maswali: umri, elimu, kazi, kura za nyuma. Inasaidia, lakini haitoshi. Mwaka 2002, katika majimbo ya Iowa na Michigan huko Marekani, watafiti walichagua kwa bahati nasibu nani apigiwe simu ya kumhimiza kupiga kura. Walipowalinganisha waliopokea simu na watu waliofanana nao kwa kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari la wapigakura, simu ilionekana kuwa na nguvu. Walipolinganisha wote waliochaguliwa na bahati nasibu na wote wasiochaguliwa, athari ilikuwa karibu na sifuri. Mtu anayepokea simu na kusikiliza mpaka mwisho ana kitu ambacho daftari halikiandiki.

Mfano wa nyumbani una uzito zaidi. Mradi wa Tuungane, wa maendeleo ya vijiji, uliofadhiliwa na Uingereza, uligawiwa vijiji vya Kivu ya Kusini, Maniema na Katanga kwa bahati nasibu iliyochezwa hadharani. Miradi ilijengwa, na watu waliifurahia. Lakini lengo lilikuwa pia kubadilisha namna vijiji vinavyojiongoza. Basi watathmini wakatoa dola 1,000 kwa kijiji, kwenye vijiji vya mradi na visivyo vya mradi, wakafuatilia nani anaamua na fedha zinaishia wapi. Tofauti ya maana haikuonekana. Bila vijiji vya kulinganisha, kila kikao kilichokwenda vizuri kingehesabiwa kuwa tunda la Tuungane.

Upande wa pili, wa wanaosema si kila kitu kinahitaji bahati nasibu, una hoja nzito, na sikubali zipuuzwe. Vita, ukabila, umaskini, kiwango cha shule: hakuna anayeweza kuvigawa kwa bahati nasibu, wala hapaswi. Madhara ya sigara kwenye mapafu yalijulikana bila kumlazimisha mtu yeyote kuvuta. Na kama kazi yako ni kukadiria kata ipi itakuwa na foleni ndefu ili ipelekewe vifaa vya kutosha, uwiano, yaani kujua tu kwamba mambo mawili huenda pamoja, unakutosha kabisa. Huhitaji kujua kwa nini. Tena jaribio la vijiji fulani, katika miaka fulani, halijibu kuhusu Goma ya leo. Anayekataa kila takwimu isiyotokana na bahati nasibu anajinyima sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu siasa.

Mpaka naouona mimi uko kwenye dai. Ukisema «hawa watapiga kura», uwiano unatosha. Ukisema «tumewafanya wapige kura», una deni la kuonyesha wangefanya nini bila wewe.

Kulilipa deni hilo si ghali kama inavyosemwa. Bajeti ikitosha avenyu (barabara za mtaa na wakazi wake) 20 na maombi yametoka 40, andika majina yote 40, chezeni bahati nasibu mbele ya machifu, na 20 zilizobaki zingoje awamu ya pili. Makosa huja baadaye. La kwanza ni kuwahesabu waliokuja tu: hesabu wakazi wa avenyu zote zilizochaguliwa, hata ambao hawakutia mguu seminani, la sivyo unarudisha ule ule uteuzi uliotaka kuuondoa. La pili ni majirani: avenyu mbili zinazochota maji bomba moja husimuliana yote, kwa hiyo bahati nasibu ichezwe kwa makundi ya avenyu zilizo mbali kidogo. La tatu ni kuuliza «ulipiga kura?» ukiwa umevaa fulana ya mradi. Aliyekula posho ya usafiri atajibu ndiyo. Mtume mtu asiyejulikana na mradi, aende pande zote mbili siku moja au mbili baada ya uchaguzi, wino ukiwa bado kidoleni.